Gazi Ijifunge Yenyewe: Mwongozo wa Kable kwa Waendesha Pikipiki wa Masisi na Walikale

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Aliyewahi kutoka Sake akapanda kuelekea Mushaki, kisha akarudi njia ile ile mvua ikinyesha, anaijua methali hii kwa mikono yake. Kupanda ni kukunja gazi, injini inavuta. Kazi iko kwenye kushuka: una abiria nyuma, gunia la maharagwe katikati, matope yanateleza kama sabuni, na kona inakujia. Hapo unaachia gazi ukitaka injini itulie saa ile ile. Kama itatulia au haitatulia, hilo linaamuliwa na waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, uliofichwa ndani ya mpira mweusi, ambao madereva wengi hawaukumbuki mpaka siku unapokatika.

Mwongozo huu ni wa waya huo. Nimekuandikia wewe unayeendesha pikipiki ya injini ya mipigo minne kwenye barabara za Masisi na Walikale: dereva wa abiria, mfanyabiashara wa jibini, mchukuzi wa mizigo ya migodini, mhudumu wa afya mwenye sanduku la chanjo. Nataka ujue jinsi kable ya gazi inavyofanya kazi, inavyochakaa, na la kufanya ikikuangusha mbali na fundi. Neno moja nitalirudia mpaka mwisho: usiulize tu kama gazi inafunguka. Uliza kama inajifunga.

KABLE NI NINI HASA

Fundi wa Goma ataiita kable ya gazi. Wa Mwanza au Arusha atasema waya wa aksileta. Kitu ni kile kile. Ukipata kable kuukuu, ikate kwa msumeno wa chuma uangalie ndani. Utaona tabaka nne. Nje ni plastiki nyeusi inayozuia maji. Chini yake ni chuma kilichosokotwa kama springi iliyobanana, ndicho kinachoipa kable ugumu na kuiruhusu kupinda. Ndani ya chuma hicho mara nyingi kuna mrija mwembamba wa nailoni. Ndani kabisa ndimo ulimo waya wenyewe, ambao si waya mmoja bali nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja.

Tabaka tatu za nje tuziite ala, kama ala ya kisu, kwa sababu kazi yake ni kuushika waya uliomo ndani. Kila ncha ya waya ina kichwa kidogo cha chuma laini. Kichwa kimoja kinakaa kwenye tundu la mkono wa gazi, kingine kinakaa kwenye kabureta.

Ala imeegemezwa pande zote mbili: huku kwenye usukani, kule kwenye kabureta. Haisogei. Kwa hiyo waya ukivutwa milimita 10 huku, unasogea milimita 10 kule, hata kama kable imepinda mara tatu njiani. Ernest Bowden alipewa hataza ya ubunifu huu Uingereza mwaka 1896, na breki za baiskeli zinautumia mpaka leo.

Kutokana na hapo yanafuata mambo mawili. La kwanza, ala ikivunjika, ikibonyea au ikichomoka mahali ilipoegemea, waya unapoteza kipimo hata kama wenyewe ni mzima. La pili, ukiisogeza ala ni sawa na kuusogeza waya. Kable iliyobana kiasi cha kuvutika kila unapokata kona itafungua gazi bila mkono wako kukunja chochote. Tutarudi hapo.

INAKOFIKA: NDANI YA KABURETA

Kwenye pikipiki ndogo nyingi, waya unaingia kwenye kifuniko cha juu cha kabureta, unapita katikati ya springi, na kushika pistoni ndogo yenye sindano chini yake. Ukikunja gazi, waya unainua pistoni. Njia ya hewa inapanuka, sindano inapanda na kuachia petroli zaidi, injini inaongeza nguvu. Ukiachia, springi inaisukuma pistoni chini, njia inabanwa, injini inatulia.

Ona mgawanyo wa kazi. Kufungua ni kazi ya mkono wako. Kufunga ni kazi ya springi peke yake. Mkono wako una nguvu ya kuishinda kable yenye kutu na mchanga, wala hutaona tofauti kubwa. Springi haina nguvu hiyo. Ndiyo maana kable mbovu hufunguka vizuri miezi mingi huku ikizidi kuwa nzito kujifunga, na dereva anaendelea kusema gazi yake ni nzima.

Kabureta za aina nyingine hazina pistoni inayovutwa na waya. Kable inazungusha gurudumu dogo lililo ubavuni, nalo linageuza bamba la duara lililosimama katika njia ya hewa; waliosoma Kifaransa huliita kipepeo. Pikipiki za sindano ya umeme, zisizo na kabureta, nyingi nazo zina kipepeo na kable. Mfumo unabadilika, kanuni inabaki: mkono unafungua, springi inafunga.

KWA NINI MIPIGO MINNE HUTAKA KABLE MBILI

Wazee wa Kivu wanazikumbuka Yamaha AG100 na DT125. Hizo ni za mipigo miwili. Kable yake ya gazi inatoka mkononi ikiwa moja, kisha inagawanyika: tawi moja linakwenda kwenye kabureta, jingine kwenye pampu ya oili, ili oili iongezeke kadiri gazi inavyofunguka. Injini ya mipigo minne haina haja ya tawi hilo. Oili yake inakaa chini ya injini na kuzunguka humo humo.

Lakini mipigo minne ina jambo lake. Shuka kilima huku gia ipo na gazi imefungwa: injini inakushikilia isikuache ukimbie. Hiyo ni breki ya injini, na kwenye mipigo minne ina nguvu kuliko kwenye mipigo miwili. Inatokea kwa sababu injini inaendelea kuvuta hewa huku njia ya hewa imebanwa. Mvuto huo unaigandamiza pistoni ya kabureta kwenye ukuta wake. Kabureta ikiwa ndogo, springi inauweza msuguano huo. Ikiwa kubwa, au pistoni ikiwa na uchafu, inaweza kukwama nusu njia.

Kwa hiyo watengenezaji wa pikipiki nyingi za milimani za mipigo minne, kama Honda XR250 na Yamaha TT-R250, waliweka kable mbili kwenye mkono mmoja wa gazi. Utasikia watu wakisema moja inavuta na nyingine inasukuma. Si hivyo, waya mwembamba hausukumi kitu, utajikunja. Zote mbili zinavuta, ila pande tofauti za gurudumu dogo la kabureta. Ukikunja mkono kuja kwako, kable ya kufungua inavuta. Ukiurudisha mbele, kable ya kufunga inavuta, na nguvu ya mkono wako inaisaidia springi.

Kable ya pili ni bima. Siku zote springi ikiwa nzima, hutaiona kazi yake. Ndiyo maana kuna mafundi wanaoitoa ikikatika, wakamwambia mwenye pikipiki kwamba haina maana kwa kuwa gazi inafanya kazi bila hiyo. Usikubali. Inafanya kazi bila hiyo mpaka siku springi itakaposhindwa, na siku hiyo huenda ukawa kwenye mteremko.

Pikipiki ndogo za abiria, aina ya Boxer na TVS zilizojaa njiani, kwa kawaida zina kable moja tu. Kama yako ni hiyo, huna bima. Usafi wa hiyo moja ndio bima yako.

MASISI NA WALIKALE HUIFANYIA NINI KABLE

Walikale peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya eneo la Kivu Kaskazini, msitu wa mvua ulio chini ya mita 1,000 sehemu nyingi, joto na unyevu mwaka mzima. Masisi ni milima, na malisho yake mengi yako juu ya mita 2,000, kuna ukungu na baridi ya asubuhi. Dereva anayetoka Masisi, akapita Nyabiondo na Kashebere mpaka Walikale-Centre kwenye mto Lowa, anaipitisha kable yake katika hali hizo zote mbili. Unyevu unaingia ndani ya ala kupitia ncha ya juu, unatiririka mpaka kwenye kipindo cha chini kabisa, unakaa hapo. Kutu inaanzia mahali usipopaona.

Halafu kuna matope. Maji ya matope yakiruka yanaingia chini ya mpira wa mkono wa gazi. Maji yanakauka, udongo unabaki. Udongo huo unakaa kati ya bomba la usukani na mrija wa plastiki unaozunguka juu yake, na mkono unakuwa mzito. Dereva anailaumu kable, ananunua mpya, uzito unabaki pale pale.

La tatu ni mzigo. Huku kwetu mizigo inafungwa hadi juu ya tangi. Gunia likikaa mbele, au kamba ya mpira wa tyubu ikipitishwa chini ya usukani, kable inabanwa kwenye fremu. Ukikata kona, inavutwa. Wapo pia walioinua usukani ili wakae vizuri safari ndefu, wakaacha kable ile ile iliyotoka kiwandani. Kable hiyo sasa ni fupi, imekaza kama uzi wa gitaa.

La nne ni baria. Kwenye barabara hizi, ambazo vita vimezipitia tena na tena, kuna vizuizi vyenye watu wenye silaha. Pikipiki inayokikaribia kizuizi ikiunguruma bila kupunguza inaeleweka kwamba imekataa kusimama. Hakuna atakayesubiri umweleze kwamba kable ilikwama.

UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Fanya hivi kila asubuhi kabla ya safari ndefu, na kila baada ya pikipiki kuanguka.

1. Injini ikiwa imezimwa, kunja gazi mpaka mwisho kisha achia mkono kabisa. Lazima irudi yenyewe, kwa haraka, mpaka mwisho. Kwenye kabureta ya pistoni utasikia mlio mfupi, tak. Hiyo ni pistoni imegonga chini. Zoea mlio wake ukiwa mzima. Siku ukiwa hafifu au usiposikika, usiondoke.

2. Rudia huku usukani umeukata kushoto kabisa, halafu kulia kabisa. Gazi inayorudi vizuri ukiwa umenyooka lakini ikazembea ukikata upande mmoja, ina kable iliyobanwa au iliyopinda vibaya.

3. Pima ulegevu. Uzungushe mkono wa gazi polepole kwa vidole viwili, uone unakwenda kiasi gani kabla waya haujaanza kuvuta. Kwenye ukingo wa mpira, ulegevu uwe kati ya milimita 2 na 6. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo chake, kifuate hicho. Bila ulegevu, gazi haifungi sawasawa. Ukizidi, unakunja na injini haiitiki.

4. Washa injini, gia ikiwa huru, ikae kwenye mzunguko wake wa chini. Kata usukani polepole toka kushoto mpaka kulia. Sauti isibadilike. Ikipanda unapokata upande mmoja, ala inavutwa, na pikipiki hiyo itajiongezea gazi kila kona ya upande huo. Zima, tafuta kilichoibana.

5. Tazama ncha ya ala inapoingia kwenye kabureta. Iwe imekaa kwenye tundu lake, na kofia yake ya mpira iwe nzima. Kofia ikipasuka, funika kwa kipande cha mpira wa tyubu ukifunge kwa uzi imara. Hakipendezi, lakini maji hayapiti.

6. Mara moja kwa wiki mbili, fungua skrubu za kifuko cha mkono wa gazi, uangalie waya mahali unapokutana na kichwa chake. Hapa panahitaji macho.

Kable nyingi hazikatiki ghafla. Zinakatika uzi mmoja mmoja, na karibu kila mara ni pale juu, kwenye kichwa, kwa sababu hapo waya unapinda kila unapokunja gazi. Toa kichwa kwenye tundu lake, kiinue kwenye mwanga, zungusha waya taratibu kati ya vidole. Waya mzima ni laini na unang'aa. Waya unaokufa una sharubu: uzi mmoja umechomoza, mfupi, mkali, unaokuchoma kidole. Ukiona uzi mmoja, zilizobaki zimebeba mzigo wake na zitafuata. Hakuna dawa ya sharubu. Usizikate kwa plaizi ukaona umetengeneza, kwani umeficha ushahidi tu. Badilisha kable.

KUREKEBISHA ULEGEVU

Kwenye kable, karibu na mkono au karibu na kabureta, kuna kipande chenye skrubu na nati mbili. Nati ndogo ni ya kufungia, nyingine, yaani kirekebishi, inazungushwa kuirefusha au kuifupisha ala. Legeza nati ya kufungia. Ukizungusha kirekebishi kitoke nje, ala inarefuka na ulegevu unapungua. Kikiingia ndani, ulegevu unaongezeka. Ukifikia kipimo, kaza nati ya kufungia. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, kirekebishi kinajilegeza kwa mtikisiko kabla hawajafika Masisi-Centre.

Kwenye pikipiki ya kable mbili, fuata mpangilio. Kwanza legeza zote mbili. Rekebisha kable ya kufungua mpaka upate ulegevu unaotakiwa. Kisha njoo kwenye ya kufunga, ikaze kidogo kidogo mpaka isining'inie, lakini usiivute. Zikikazwa zote mbili zinapigana na mkono unakuwa mzito. Maliza kwa kurudia hatua ya kwanza, ya pili na ya nne za ukaguzi.

Tahadhari moja: mzunguko wa chini wa injini una skrubu yake kwenye kabureta. Usitumie kable kuuongeza. Aliyekaza kable ili injini isizimike amefungua gazi daima, na hawezi tena kuifunga.

KUOSHA NA KULAINISHA

Anza na mkono wa gazi. Fungua kifuko, chomoa mrija wa plastiki kwenye usukani, osha vyote kwa maji ya sabuni, kausha. Futa bomba la usukani mpaka ling'ae. Kama pikipiki ilianguka, angalia ncha ya bomba. Mara nyingi imepinda au ina makali yanayoukwaruza mrija. Lainisha makali kwa tupa. Mpira wa nje wa mkono usigusane na kitu chochote pembeni, achia nafasi ndogo.

Kisha kable. Toa ncha ya juu kwenye mkono, inyanyue kable isimame wima. Chukua kona ya mfuko wa plastiki, ikate kidogo, ipitishe kwenye ncha ya ala na uifunge kwa uzi iwe kama kikombe. Mimina oili nyepesi, ile ya cherehani inafaa, huku ukiuvuta waya juu na chini. Sirinji mpya isiyo na sindano nayo inafanya kazi hiyo vizuri. Mwanzoni chini yatatoka matone meusi au ya rangi ya kutu. Endelea mpaka oili itoke safi. Kama una muda, iache ining'inie usiku kucha.

Usitie grisi nzito ndani ya kable. Inashika mchanga na kugeuka msasa. Usitie oili kuukuu iliyotoka kwenye injini. Ina vumbi la chuma lile lile unalotaka kuliondoa. Na usitie mawese. Najua Walikale mawese hayakosekani, na kwenye joto la kule yanateleza vizuri. Lakini mawese yanaganda kwenye baridi. Kable uliyoilainisha Mubi kwa mawese itakuwa nzito alfajiri milimani Masisi, saa ile hasa unayoanza kuteremka. Kama mrija wa nailoni ndani ya ala umechanika au waya unakwaruza hata baada ya oili, kable imemaliza kazi yake.

KUWEKA KABLE MPYA

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Zilinganishe zikiwa zimenyooshwa: urefu wa ala, urefu wa waya unaotokeza, ukubwa wa vichwa vyote viwili. Milimita chache za waya zinatosha kuiacha gazi wazi daima au kuizuia isifunguke yote. Kuangalia jina kwenye karatasi hakutoshi.

Kabla hujatoa ya zamani, piga picha kwa simu au chora njia yake: inapita upande gani wa shingo ya usukani, chini ya tangi wapi, mbele au nyuma ya fremu. Funga ncha ya mpya kwenye ncha ya zamani kwa uzi, uvute ya zamani itoke, mpya itafuata njia ile ile. Iwe mbali na bomba la moshi, na mipindo yake iwe mipana.

Kwenye kabureta ya pistoni, kuwa makini unaporudisha pistoni ndani. Ina mfereji upande mmoja, unaopaswa kukutana na kijiti kidogo ndani ya kabureta, na chini yake ina mkato unaoelekea upande wa kichujio cha hewa. Ukiiingiza kinyume haishuki mpaka chini. Ukiwasha, injini itapiga kelele kwa gazi kamili, kosa ambalo limewaponyoka hata mafundi wazoefu. Basi kabla ya kuwasha, kunja na kuachia, usikilize tak. Usiposikia, fungua upya.

IKIKWAMA WAZI UKIWA NJIANI

Usimalizie akili yako kwenye mkono wa gazi. Bonyeza kitufe cha kuzima injini, vuta klachi, shika breki zote mbili kwa kadiri njia inavyoruhusu. Ukivuta klachi peke yake pikipiki itaacha kusukuma, lakini injini itazunguka kupita kiasi, kwa hiyo kuzima ni lazima. Pikipiki isiyo na kitufe, au ambayo kitufe chake kimekufa, zima kwa ufunguo, ila kwanza hakikisha hutazungusha mpaka kufunga usukani. Jua leo kidole chako kinafika wapi. Fanya zoezi hilo ukiwa umesimama, macho yakiwa mbele, mara kumi.

IKIKATIKA MBALI NA FUNDI

Kable ya kufungua ikikatika, springi inafunga gazi na injini inabaki kwenye mzunguko wa chini. Hilo si hatari, ni usumbufu, ingawa usumbufu mkubwa kwa mtu ambaye hapaswi kulala njiani, na kwa muuguzi ambaye chanjo zake zinatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Una njia tatu.

Kama pikipiki ina kable mbili, jaribu kuhamisha ya kufunga iwe ya kufungua. Kwenye baadhi ya pikipiki zinaingiliana, kwenye nyingine urefu au vichwa havilingani, hivyo lijaribu jambo hili nyumbani kabla hujalihitaji. Ukifika, rudisha bima yako.

Kama kichwa cha waya ndicho kilichong'oka, kile kipande kidogo cha shaba chenye skrubu, ambacho mafundi umeme hukitumia kuunganisha nyaya, kinaweza kushika ncha kama kichwa cha muda. Kaza sana, kunja mkia wa waya, endesha polepole. Fundo la waya halifai. Linakwama kwenye tundu likiwa wazi.

Kama huna chochote, ongeza skrubu ya mzunguko wa chini mpaka injini iweze kukusogeza kwa gia ya kwanza. Shusha mizigo na abiria. Kwa kuwa gazi sasa haijifungi kabisa, tumia klachi na breki, na usifanye hivyo kwenye mteremko mkali wala karibu na baria. Hapo sukuma kwa miguu.

Dawa bora kuliko zote tatu ni ya kuandaa mapema. Nunua kable ya akiba, ipitishe kando ya ile inayofanya kazi toka usukani mpaka kabureta, ifunge pamoja nayo kwa utepe bila kuibana, na ufunike ncha zake kwa plastiki zisiingie maji. Siku ile inayofanya kazi ikikatika, utabadilisha ncha mbili tu, kando ya njia, bila kuvua tangi.

NENO LA MWISHO

Kable ya gazi ni kati ya vipuri vya bei ndogo kwenye pikipiki, na inabeba uzito wa watu wawili au watatu kila mteremko. Usingoje ikatike ndipo uijue. Kesho alfajiri, kabla hujafunga mzigo na kabla abiria hajapanda, weka mkono kwenye gazi, kunja mpaka mwisho, achia, usikilize. Ukisikia tak, safari njema. Usiposikia, shusha mzigo, utafute fundi.